Ukuta Ulioinama: Elimu ya Ujenzi na Dhamana ya Fundi, kutoka Madina hadi Ujiji

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), aliyeziinua mbingu bila ya nguzo tunazoziona, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake. Amma baad.

Ndugu msomaji, katika Kigoma na Ujiji, na katika vijiji vilivyojipanga kando ya Ziwa Tanganyika, Waislamu hawachoki kujenga. Huyu anatoa mifuko ya saruji, yule anatoa bati, akina mama wanachangia chochote walicho nacho, na vijana wanajitolea kubeba mawe na mchanga. Hili ni jambo la kumshukuru Allah. Lakini lipo swali ambalo kamati zetu nyingi haziliulizi. Imamu hatumsimamishi mbele mpaka tujue amesoma wapi na kwa nani. Je, yule anayeweka paa juu ya vichwa vya watu mia tatu wakiwa katika sijda, tumemuuliza amesoma wapi?

Katika makala hii tutaangalia historia ya elimu ya ujenzi kutoka msikiti wa kwanza wa Madina mpaka matembe ya Ujiji na vyuo vya leo. Kisha tutarejea katika vitabu vya fiqhi tuone wanazuoni wetu walisema nini juu ya ukuta unaoanguka na juu ya mtu aliyeujenga. Suala hili ni la roho za watu na mali ya wakfu.

FUNDI NI ALIYEFUNDWA

Kiswahili chetu kimehifadhi hekima katika neno fundi. Asili yake ni moja na kufunda na kufundisha. Kwa hiyo, kwa ushahidi wa lugha yenyewe, fundi ni mtu aliyepitia mkono wa mwalimu. Mwenye mwiko na pima maji ambaye hakufundishwa na yeyote, ametwaa jina lisilo lake. Wazee wetu walikuwa na neno mwanagenzi kwa yule anayejifunza kazi, na mwanagenzi hakuachiwa ukuta peke yake mpaka mwalimu wake aridhike.

Mpangilio huu si mgeni kwa mwanafunzi wa madrasa. Sisi husema elimu ina isnadi, na asiye na sheikh hatari yake ni kubwa. Ibn Khaldun (aliyefariki mwaka 808 H/1406), katika Muqaddima yake, ameeleza kwamba ufundi wowote hauna budi kuwa na mwalimu, kwa kuwa ni uwezo unaojengeka kwa kuona na kurudia kutenda. Katika mlango wa ufundi wa ujenzi ameongeza kwamba mabingwa wa kazi hiyo wanahitaji pia elimu ya handasa, yaani hesabu za vipimo na maumbo. Mkono peke yake hautoshi, na hesabu peke yake haitoshi.

MSIKITI WA MADINA NA MTU WA UDONGO

Mtume (s.a.w.) alipofika Madina, kazi ya mwanzo ilikuwa kujenga. Msikiti wake ulijengwa kwa matofali ya udongo yasiyochomwa, paa likawa la makuti na nguzo zikawa magogo ya mitende, kama ilivyopokewa na Bukhari kutoka kwa Ibn Umar (r.a.). Wote walishiriki, na yeye mwenyewe (s.a.w.) alibeba matofali. Lakini kushiriki kwa wote hakukumaanisha kwamba kila mmoja alifanya lolote.

Imepokewa na Ahmad na Ibn Hibban habari ya Talq bin Ali (r.a.), mtu wa Yamama aliyefika wakati msikiti unajengwa. Mtume (s.a.w.) aliamrisha asogezwe kwenye udongo, kwa sababu yeye alikuwa hodari zaidi ya wenzake katika kuukanda. Tuzingatie jambo hili. Palikuwapo Masahaba wakubwa waliomtangulia Talq katika Uislamu na katika daraja, lakini kwenye udongo alitangulizwa mwenye ujuzi wa udongo.

Wanazuoni waliofuata waliijenga hukumu juu ya maana hii. Imam Ghazali (aliyefariki mwaka 505 H/1111), katika Kitabu cha Elimu cha Ihya, ameutaja ujenzi miongoni mwa kazi nne ambazo dunia haisimami bila hizo: kilimo kwa ajili ya chakula, ufumaji kwa ajili ya mavazi, ujenzi kwa ajili ya makazi, na siasa kwa ajili ya kuwaunganisha watu. Naye Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 H/1277), katika Minhaj ambayo masheikh wetu wa pwani na bara wameisomesha vizazi kwa vizazi, ameziweka kazi za ufundi katika faradhi za kutosheleza. Wakipatikana wa kutosha, wengine wameepukana na dhambi. Wasipopatikana, mji mzima una dhambi. Hivyo mji wenye misikiti mingi usio na waashi waliosoma una deni la faradhi.

VIPIMO VILIVYOTUNDIKWA MSIKITINI

Katika miji ya Kiislamu ya zamani, ujenzi haukuachwa kwa uaminifu wa mtu mmoja mmoja. Palikuwa na muhtasibu, afisa aliyesimamia masoko na kazi za mikono. Ibn Abdun, aliyeandika huko Ishbiliya, Andalusi, katika karne ya 6 ya Hijra, ametaka viwekwe msikitini vigezo vya unene wa matofali na vya upana na unene wa boriti, vitundikwe mahali ambapo kila mtu anaweza kuvirejea. Fikiri, ndugu msomaji: ndani ya msikiti mkuu, mbali na mihrabu na mimbari, kuna kalibu ya tofali ukutani! Watu wale hawakuona kwamba tofali pungufu ni jambo la nje ya dini. Waliliona kama mizani pungufu.

Huko Tunis, katika karne ya 8 ya Hijra, aliishi Ibn al-Rami, ambaye kazi yake ilikuwa uashi. Makadhi wakimtegemea kama mjuzi katika kesi za kuta, mifereji na majengo yanayodhuru majirani, naye akaandika kitabu juu ya hukumu za majengo, Al-I'lan bi-Ahkam al-Bunyan, kwa madhehebu ya Imam Malik. Mikono yake iliujua ukuta na akili yake iliijua fiqhi. Mtu wa namna hii ndiye tunayemkosa leo.

UJIJI YA MATEMBE

Tuje nyumbani. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wa pwani walifika Ujiji katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, wakifuata njia ya misafara kupitia Tabora. Burton na Speke walipofika Februari 1858 (mwaka 1274 H) walikuta tayari nyumba za watu wa pwani, na Burton akakaa katika tembe kuukuu lililojengwa na mfanyabiashara wa Kiarabu. Stanley alimkuta Livingstone hapo Ujiji mwaka 1871, naye akiishi katika nyumba ya namna hiyo hiyo. Mwaka 1876 Stanley aliporudi, alieleza mji wenye sehemu mbili kubwa: Ugoy, walikokaa Waarabu wenye matembe makubwa yenye baraza pana, na Kawele, walikokaa Waungwana na watu wengine.

Tembe ni nyumba ya pembe nne yenye kuta nene za udongo na paa la bapa: boriti zimelazwa, juu yake fito, na juu ya fito udongo ulioshindiliwa. Nyumba hii haikuhitaji chokaa wala jiwe la matumbawe, vitu ambavyo fundi wa Kilwa au Unguja alivizoea lakini ufuoni mwa ziwa havikuwapo. Mafundi wa bara na wa pwani walichanganya ujuzi: kuta za udongo za bara zikaingiwa na baraza, milango na mpangilio wa vyumba wa pwani. Ukuta mnene ulizuia joto la mchana. Lakini paa la bapa la udongo ni zito na hunyonya maji ya masika, hivyo lilihitaji kutengenezwa mara kwa mara. Mwenye tembe alijua kwamba asipopanda juu kabla ya mvua, paa litamshukia. Kijana alijifunza haya kwa kumfuata mkubwa wake, msimu baada ya msimu.

Haki inatutaka tuseme pia upande mwingine. Ujiji ilikuwa kituo cha biashara ya pembe za ndovu na ya watumwa, na mikono iliyokanda udongo wa baadhi ya matembe yale haikulipwa ujira. Mtume (s.a.w.) amehimiza mtenda kazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Anayesoma historia ya ufundi wetu asiwasahau waliojenga na majina yao hayakuandikwa popote.

ZIWA LILIPOKUWA MWALIMU

Mwalimu mkali kuliko wote katika mji huu alikuwa ziwa lenyewe. Miaka ya 1870 maji ya Tanganyika yalikuwa yakipanda, kwa sababu njia ya kutokea maji upande wa magharibi, mto Lukuga, ilikuwa imezibwa na mchanga na majani. Stanley aliporudi mwaka 1876 alikuta ziwa limekula sehemu ya ufuo wa soko la Ujiji alioujua mwaka 1871. Mwaka 1878 ziwa lilifikia kilele, likauvunja ule mzibo wa Lukuga, na kwa muda wa miaka kama 15 likashuka mita zipatazo 10. Ndiyo maana mahali pa kumbukumbu ya Livingstone pale Ujiji, palipokuwa karibu na maji, leo pako mbali na ufuo.

Ardhi iliyoachwa na maji ilionekana tambarare na rahisi kujengwa. Vizazi vikapita, watu wakasahau. Kisha kuanzia mwaka 2020 ziwa lilipanda tena, na maji yakaingia katika nyumba na vituo vya ufuoni, upande wetu na upande wa Burundi na Kongo. Allah (s.w.), katika aya ya 109 ya Suratut-Tawba, amempigia mfano mwenye kuasisi jengo lake juu ya ukingo wa korongo lililomomonyoka, likaporomoka naye. Aya inazungumzia nia na imani, na ndiyo maana yake ya kwanza. Lakini mfano haufahamiki ila kwa mtu anayejua kwamba msingi juu ya ardhi inayomomonyoka haudumu. Mkazi wa ufuo wa Tanganyika anaufahamu mfano huu kwa macho yake.

Ziwa hili pia limekaa ndani ya Bonde la Ufa, nchi inayotikisika. Tarehe 13 Desemba 1910 tetemeko la ukubwa wa 7.4 lilitokea upande wa Rukwa, kusini mashariki mwa ziwa, nalo ni miongoni mwa makubwa kabisa yaliyopimwa Afrika. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilitokea chini ya Ziwa Tanganyika lenyewe, likaangusha nyumba huko Kalemie, ng'ambo ya pili, na kuua watu. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 likaipiga Bukoba, kaskazini yetu.

Hapa ndipo sayansi ya majengo inapojitenga na mazoea. Ukuta wa matofali una nguvu ya kubeba mzigo unaokaa juu yake, lakini ni dhaifu unaposukumwa kutoka ubavuni. Ardhi ikitikisika, kila ukuta huenda upande wake, pembe zinaachana, na paa linashuka. Dawa yake ni mkanda wa zege wenye nondo unaozunguka kuta zote juu ya madirisha, ukazifunga kama kamba inavyofunga mzigo wa kuni. Ukuta wa pembetatu chini ya paa usiofungwa, na mnara mrefu mwembamba, ndivyo vya kwanza kuanguka. Waashi wangapi wa misikiti yetu wamefundishwa jambo hili?

RELI, MELI NA ELIMU ILIYOONDOKA

Mwaka 1896 Wajerumani waliweka kituo cha kijeshi Ujiji. Lakini ufuo wa Ujiji ni wazi kwa mawimbi na maji yake ni ya kina kifupi, na Kigoma ina ghuba yenye kina. Kwa hiyo reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912, iliishia Kigoma mwanzoni mwa Februari 1914 (mwaka 1332 H), baada ya kilometa zipatazo 1,250. Jengo kubwa la stesheni ya Kigoma lingali limesimama, nalo ni ushahidi wa kazi iliyopangwa kwenye karatasi kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa.

Reli ilileta pia meli. Graf von Goetzen ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwa masanduku 5,000 na kuunganishwa Kigoma, ikashushwa majini Februari 1915. Waliosimamia walikuwa mafundi watatu kutoka Papenburg, na waliofanya kazi walikuwa Wahindi na Waafrika kwa wingi. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, baada ya kuipaka mashine zake mafuta mazito. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Tunaitaja habari hii kwa sababu inaonyesha lililotokea kwa ufundi katika zama za ukoloni. Watu wa nchi hii walipiga ribiti, walichonga mawe na kupandisha kuta. Mkono ulifanya kazi kubwa. Lakini mchoro ulisomwa na mwingine, na hesabu ya mzigo ilifanywa na mwingine. Kazi ilipokwisha, mwenye hesabu aliondoka na hesabu yake. Ule mshikamano wa mkono na handasa aliousisitiza Ibn Khaldun ulikatika.

Skuli za ufundi zilikuwepo, lakini mbali na ziwa. Wajerumani walikuwa na skuli ya serikali Tanga tangu miaka ya 1890, iliyokuwa na mafunzo ya kazi za mikono. Waingereza walifungua skuli ya ufundi Ifunda, Iringa, mwanzoni mwa miaka ya 1950, na nyingine Moshi. Na Dar es Salaam chuo cha ufundi kikafunguliwa mwaka 1957. Waislamu nao hawakulala kabisa. Mombasa kilianzishwa chuo cha ufundi cha Waislamu wa Afrika Mashariki, kilichojulikana kwa ufupisho wa MIOME, kikapokea wanafunzi tangu mwaka 1951, kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, Mabohora na serikali. Chuo hicho ndicho kilichokua, kwa majina mbalimbali, hadi kuwa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa mwaka 2013. Huu ni ushahidi kwamba wazee wetu walitambua, zaidi ya miaka 70 iliyopita, kuwa Muislamu asiye na ufundi atabaki mbeba zege katika nyumba za wengine.

MILANGO ILIYO WAZI LEO

Leo udhuru umepungua. Sheria ya mwaka 1994 iliunda Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, na Kigoma kipo chuo chake. Mwaka 1997 zilitungwa sheria za usajili wa makandarasi, wahandisi, na wabunifu na wakadiriaji majengo, kila kundi likiwa na bodi yake, na Waislamu wanaweza kuzirejea bodi hizo kujua nani amesajiliwa. Taasisi ya Ardhi ya Dar es Salaam ilikuwa chuo kishiriki mwaka 1996 na Chuo Kikuu Ardhi mwaka 2007. Upo pia Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, ulioanza mwaka 2001, ambao umekuwa ukifundisha matofali ya udongo na saruji kidogo yanayofungamana na kushindiliwa kwa mashine, bila kuchomwa kwa kuni. Na kwa fundi mzee aliyejifunza mtaani, VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi: hupimwa alichonacho, hufundishwa alichokosa, kisha hupewa cheti.

Elimu inayotolewa huko si ya kupamba. Tuchukue mfano mmoja tu. Watu wengi huamini zege hupata nguvu kwa kukauka, kwa hiyo huliacha juani na kufurahi likiwa jeupe kesho yake. Ukweli ni kinyume. Saruji hushikamana kwa kuungana na maji, na yakiondoka mapema kazi hiyo hukatika. Zege linapaswa kumwagiliwa na kufunikwa angalau siku 7. Kadhalika, maji yakizidishwa wakati wa kuchanganya ili zege liwe rahisi kumimina, hupungua nguvu. Nguzo mbili zinaweza kufanana kwa rangi na unyoofu, moja ikabeba ghorofa na nyingine ikasagika, na tofauti yao ni maji na siku 7 za subira. Jicho haliyaoni haya. Elimu ndiyo inayoyaona.

HUKUMU YA UKUTA ULIOINAMA

Sasa tuingie katika fiqhi. Fuqahaa wamelizungumza suala la ukuta unaoanguka na kuua mtu au kuharibu mali. Mahanafi wamesema: ukuta ukiinama baada ya kujengwa, kisha mwenyewe akatanabahishwa na kushuhudishiwa, akapuuza hali anaweza kuubomoa, anadhamini. Katika madhehebu yetu ya Shafi, Imam Nawawi katika Minhaj amegawa namna mbili. Aliyejenga ukuta wake ukiwa umeinamia njia ya watu, kisha ukaanguka, anadhamini kilichoharibika. Aliyejenga ukuta ulionyooka, kisha ukainama na kuanguka, hana dhamana. Na ipo kauli nyingine ndani ya madhehebu kwamba ikiwa aliweza kuubomoa au kuutengeneza, anadhamini.

Baadhi ya watu hujificha nyuma ya namna ya pili. Jengo likianguka husema: lilijengwa limenyooka, tulilipima kwa timazi, na yaliyotokea ni kudra. Sisi tunasema, na Allah ndiye Mjuzi zaidi, kwamba hoja hii haisimami. Sababu ya hukumu katika namna ya kwanza ni kwamba mjenzi ameuweka ukuta tangu siku ya kwanza katika hali ya kuanguka. Zamani hali hiyo ilijulikana kwa jicho na timazi, kwa sababu ukuta wa udongo au jiwe unaoanza vibaya huonekana. Leo jengo la zege huweza kunyooka mbele ya timazi huku limeinama kwa ndani: nondo pungufu, zege lililonyimwa maji, msingi juu ya udongo wa ziwa usiopimwa. Jengo la namna hii limejengwa likiwa limeinama. Macho tu ndiyo yaliyoliona limenyooka.

Tena ipo asili nyingine inayomhusu fundi mwenyewe. Abu Dawud na wengine wamepokea hadithi kwamba mwenye kujitia utabibu hali hajulikani kwa utabibu, yeye ni mdhamini. Ibn Rushd (aliyefariki mwaka 595 H/1198), katika Bidayatul Mujtahid, ameeleza kwamba hakuna hitilafu kuwa asiye mtu wa fani ya tiba anadhamini, kwa kuwa amevuka mpaka. Kauli yenye nguvu kwa Mashafi ni kwamba fundi wa kukodiwa ni mwaminifu, hadhamini ila akivuka mpaka au akizembea. Lakini mtu kushika kazi ya roho za watu bila kuisomea, huko kwenyewe ni kuvuka mpaka. Na imepokewa kutoka kwa Ali (r.a.) kwamba aliwadhaminisha mafundi, akiona maslahi ya watu hayatengenei bila hivyo.

Kamati nayo haisalimiki. Msimamizi wa wakfu ni amini. Akiwa na uwezo wa kumpata mjuzi, akamwacha kwa kuwa mwingine ni rahisi au ni shemeji yake, amezembea katika amana. Ama kudra, tunaiamini, lakini Mtume (s.a.w.), kama alivyopokea Abu Dawud, amesema kwamba anayelala juu ya dari isiyo na kizuizi ameondokewa na himaya. Kama hilo limesemwa kwa mtu anayeihatarisha nafsi yake, vipi kwa anayezihatarisha nafsi za watoto wa madrasa?

Haya si ya kufikirika. Ijumaa ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, jirani na msikiti, liliporomoka na watu 36 wakafariki. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la Kariakoo likaanguka na kuua watu wasiopungua 29. Allah awarehemu marehemu wote.

NASAHA ZETU

Kwa maimamu na kamati: kabla ya harambee ya saruji, tafuteni mchoro na mjuzi aliyesajiliwa auangalie. Gharama yake ni sehemu ya gharama ya msikiti, kama ilivyo gharama ya msingi. Aliyetoa sadaka alikusudia msikiti utakaobaki baada yake, na malipo ya mjuzi yanailinda nia hiyo.

Kwa walimu wa madrasa: kila madrasa ichague vijana wawili au watatu wenye bidii, baada ya kukhitimu juzuu zao, isaidie ada yao katika chuo cha ufundi. Mwashi anayejua Kitabu cha Twahara na kipimo cha zege ni faida mara mbili. Na wazee waashi wasione haya kwenda kurasimisha ujuzi wao. Imam Shafi (r.a.), pamoja na elimu aliyokwisha kuipata Makka, alisafiri kwenda kwa Imam Malik Madina kutafuta zaidi.

Kwa kila msikiti unaojengwa: fufueni sunna njema ya wale wa Andalusi. Matofali ya tanuri moja hayalingani na ya tanuri jingine, na kila mtu ana kipimo chake cha mchanga. Tundikeni ubao mahali pa wazi, uandikwe kipimo cha tofali, uwiano wa saruji, mchanga na kokoto alioutoa mjuzi, na siku za kumwagilia. Mzee anayetoka kuswali Alasiri atausoma, atautazama ukuta, na atauliza. Huo ni mlango wa kuamrishana mema.

Tunamuomba Allah (s.w.) awarehemu waliotutangulia kuujenga mji huu, wanaojulikana na wasiojulikana, azithibitishe nyumba Zake juu ya msingi wa taqwa na wa elimu, na awajaalie vijana wetu kuwa mafundi waliofundwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.